Redio Katika Nchi ya Karatu na Ngorongoro

Mtu atokaye Mto wa Mbu kwenda Karatu huupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa njia ya kujipinda, akiliacha Ziwa Manyara chini yake katika kimo cha mita 960 hivi juu ya usawa wa bahari, na afikapo Karatu huwa amekwisha kufika kama mita 1,500. Akiendelea mbele hupanda tena katika msitu wa ukungu hata ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 na ushei, na hapo ardhi huanguka ghafla mita 600 mpaka chini walipo nyati na viboko. Akigeukia kusini-magharibi, nchi huteremka hata Mang'ola na Ziwa Eyasi, penye joto na vumbi, karibu na mita 1,030. Ni haba sehemu za Tanzania ambazo ardhi hupanda na kushuka namna hii katika mwendo wa siku moja. Yafaa jambo hili likumbukwe tangu mwanzo, kwa maana historia ya redio katika wilaya hizi mbili ni, kwa kadiri kubwa, historia ya sauti iliyokuwa ikitafuta njia ya kuivuka milima.

Mawimbi mafupi, ambayo ndiyo yaliyotangulia kufika huko, hupigwa juu angani yakarudi chini mbali sana; kwa hiyo huvuka milima na mipaka, ingawa hufika yamechoka, yenye mikwaruzo na kupwa na kujaa kama bahari. Mawimbi ya FM ambayo stesheni za siku hizi huyatumia ni safi zaidi, lakini huenda moja kwa moja kama mwanga wa taa. Mtambo uliowekwa mita 100 juu ya nchi iliyouzunguka huona kiasi cha kilomita 40 tu; baada ya hapo upeo wa dunia huukata. Penye kilima, kivuli cha kilima ni kimya. Mtu aliye juu ya mgongo wa Rhotia aweza kusikia stesheni tano, na jirani yake aliye bondeni asisikie hata moja.

Watu nao ni wa namna nyingi kama ardhi yao. Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu, ndio wengi katika Karatu, na lugha yao ni ya jamaa ya Kikushi. Wamaasai wa Ngorongoro na Loliondo, na Wadatoga wa pande za Eyasi, husema lugha za Kiniloti. Wasonjo wa tarafa ya Sale, wenye mashamba ya mifereji tangu zamani, ni Wabantu. Na kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, watu wachache wa kuwinda na kuokota asali, ambao lugha yao yenye sauti za kualika haijapata kuonyeshwa kwa hakika kuwa na ndugu popote duniani. Kiswahili ni lugha ya soko, ya shule, ya baraza na ya barabara kuu. Si lugha ya mama ya wengi wao, na kwa kikongwe wa boma la mbali huenda isiwe lugha yake kabisa. Kila aliyetaka kusema na watu hawa kwa mtambo alilazimika kwanza kujibu swali moja: aseme kwa lugha ipi?

Serikali ya Tanganyika ililijibu swali hilo mapema. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, kwa mtambo mdogo ambao haukusikika mbali na mji, ilisema Kiswahili. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na nguvu za mitambo zikaongezwa ili nchi nzima isikie. Wakati huo Kenya na Uganda zilikuwa zikigawanya saa za hewani baina ya lugha nyingi. Tanganyika ilishika moja, pamoja na Kiingereza kwa wageni na wasomi. Katika Julai 1965 shirika likavunjwa, na utangazaji ukawa idara ya Serikali kwa jina la Redio Tanzania Dar es Salaam. Jina lenyewe lilisema kweli iliyokuwa wazi: sauti ilitoka mahali pamoja, ukingoni mwa bahari, na nchi yote iliyobaki ilikuwa ni masikio.

Masikio hayo yalihitaji chombo. Redio za kwanza zilikuwa kubwa na ghali, nazo zilikaa kwa wazungu wa mashamba ya kahawa ya Oldeani, kwa wenye maduka, na katika misheni. Transista ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Baada ya mwaka 1966 kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilitoa betri na redio za jina la National, na redio ikawa kitu cha kununuliwa na mkulima baada ya mavuno au mfugaji baada ya kuuza dume mnadani. Betri ilibaki kuwa taabu. Zilipofifia zilianikwa juani zipate uhai wa siku mbili tatu, na kwa hiyo redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari na salamu, kisha ikafungwa. Kusikiliza ovyo kulikuwa anasa.

Kilele cha zama zile ni mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 vikundi vya watu viliketi kote nchini kuizunguka redio moja, kila kikundi kikiwa na kiongozi na kijitabu. Baada ya kipindi watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Dunia ya elimu ya watu wazima iliutazama mfano huo kwa mshangao, na haukosi kutajwa hata leo. Walakini yapaswa kusemwa kwamba mazungumzo yale yalikuwa ya upande mmoja. Kijiji kiliisikia Dar es Salaam. Dar es Salaam haikuwa na njia ya kukisikia kijiji. Mfugaji wa Endulen aliyesikiliza shauri juu ya maji alipewa shauri lile lile alilopewa mvuvi wa Lindi.

Watu hudhani kwamba biashara iliingia hewani pamoja na watu binafsi. Sivyo. Redio Tanzania ilikuwa na Idhaa ya Biashara tangu siku za siasa ya ujamaa, nayo ilitangaza sabuni na vitenge kwa nyimbo, ikisoma na salamu za wasikilizaji. Kilichobadilika mwaka 1993 ni mwenye mtambo. Sheria ya Huduma za Utangazaji, namba 6 ya mwaka huo, iliunda Tume ya Utangazaji na kumruhusu mtu binafsi kuomba leseni. Mwaka 1994 Radio One na Radio Tumaini zilisikika Dar es Salaam. Baadaye kidogo Radio Free Africa ilianza Mwanza. Kanuni za awali zilimkataza mtangazaji binafsi kuenea zaidi ya asilimia 25 ya nchi, maana yake mikoa mitano hivi. Nia ilikuwa kuiachia Serikali peke yake sauti ya taifa zima. Matokeo hayakukusudiwa: kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuifunika nchi, fedha zilitafuta miji ya mikoani, na stesheni za mikoa zikaota.

Kwa nchi ya kaskazini mji huo ulikuwa Arusha. Radio 5, Triple A na nyinginezo zilijenga hapo, penye mabenki, mahoteli na makampuni ya kusafirisha watalii, na mawimbi yao yalishuka kuelekea magharibi hata yalipogonga ukuta wa Bonde la Ufa. Makanisa nayo hayakukaa nyuma. Walutheri wa Moshi walikuwa na studio ya Sauti ya Injili tangu miaka ya 1960, walipokuwa wakitengeneza vipindi vya kurushwa kutoka Addis Ababa, mpaka wanamapinduzi wa Habeshi walipoitwaa stesheni ile mwaka 1977. Ruhusa ilipotoka walikuwa na mafundi na sauti tayari. Jimbo Katoliki la Mbulu likaanzisha Radio Habari Njema juu ya nyanda za Mbulu, nchi mama ya Wairaqw. Karatu ilikuwa sehemu ya Mbulu hata katikati ya miaka ya 1990 ilipopewa wilaya yake, na mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002 Mbulu ikaenda huko, Karatu ikabaki Arusha. Mpaka wa mkoa ulipita katikati ya watu wa lugha moja, lakini mawimbi yakaendelea kuwafuata kule walikoolewa na kulima.

Karatu yenyewe ni fumbo kwa mwenye kutaka kufanya biashara ya redio. Ni mji wenye fedha: kila gari la watalii liendalo Ngorongoro na Serengeti hupita hapo, na mahoteli yamejaa juu ya vilima. Ila mtalii hasikilizi redio ya Karatu, na mwenye hoteli hatangazi kwa majirani zake chumba ambacho hawawezi kukilipia. Fedha nyingi zipitazo mbele ya mlango wa stesheni haziingii ndani. Kinacholisha stesheni ndogo ni duka la dawa za mifugo, muuza mbegu, kampuni ya simu, shule ya kulipia, mganga, tangazo la mnada, na tangazo la msiba. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, ambaye zao lake huenda hata Nairobi, ndiye msikilizaji mwenye haja kuu kuliko wote, kwa kuwa bei iliyobadilika usiku yaweza kumfilisi asubuhi. Lakini haja yake haitoi senti kwa mwenye mtambo, isipokuwa apatikane mtu wa kuilipia. Basi hupatikana shirika la misaada au idara ya Serikali, hununua nusu saa, na kipindi cha kilimo huishi kadiri mfadhili aishivyo. Si haki kuwalaumu wenye stesheni kwa hili. Dizeli, leseni, ada ya masafa na mafundi ni gharama za kila mwezi, na watangazaji wengi wa stesheni ndogo nchini wamefanya kazi kwa posho tu au bure.

Mwaka ule ule wa 2002 jambo geni lilitokea kusini-mashariki ya Arusha, katika kijiji cha Terrat cha Simanjiro. Chama cha wafugaji wa hapo kilisimamisha mnara katikati ya mbuga na kuanzisha Redio Orkonerei, ambayo baadaye ilijulikana kama ORS FM. Haikuwa redio ya mji iliyotupa mabaki yake vijijini. Ilikaa penyewe kijijini, ikisema habari za malisho, za ng'ombe waliopotea, za magonjwa ya mifugo na za ardhi. Na ilisema Kimaasai pamoja na Kiswahili. Hapo ndipo lilipoamka tena lile swali la lugha, ambalo Tanganyika ilidhani imekwisha kulijibu.

Kanuni za nchi zadai kwamba stesheni itangaze kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Mwenye kulidharau sharti hili afikiri kwanza. Kiswahili kimewafanya Watanzania kuwa watu wamoja kwa kadiri ambayo jirani zao wameitamani, na hofu ya redio ya kikabila haikuzuka katika ndoto. Arusha, ambako mtu wa Karatu hufika kwa saa mbili na nusu za basi, ndiyo iliyokuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Katika Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani watu watatu kwa kutumia redio na gazeti kuchochea mauaji ya mwaka 1994. Kenya, iliyoziacha stesheni za lugha za kienyeji zistawi tangu Kameme FM ilipoanza mwaka 2000, iliona mtangazaji wa Kass FM akipelekwa The Hague baada ya damu iliyomwagika mwaka 2007 na 2008, ingawa kesi yake ilifutwa mwaka 2016. Uganda ilifunga redio ya Buganda, CBS, katika Septemba 2009 na kuifungua tena baada ya mwaka mmoja na zaidi.

Hayo yote ni kweli, na bado hayalijibu shauri la Terrat. Maneno yaliyoua Rwanda yalikuwa katika lugha ambayo taifa zima liliielewa; ubaya wake haukutokana na kuwa lugha ya wachache. Sheria dhidi ya uchochezi yaweza kumwadhibu mchochezi kwa lugha yoyote. Lakini sharti la lugha humwadhibu asiyetenda kosa: mama asiyejua Kiswahili, ambaye tangazo la chanjo ya watoto au la homa ya ng'ombe humpita juu ya kichwa. Zaidi ya hayo, sharti hilo halina nguvu juu ya hewa. Ololosokwan ni kijiji cha Ngorongoro kilicho mpakani kabisa mwa Kenya, na upande wa pili ziko stesheni za Kimaasai kama Mayian FM ya Shirika la Utangazaji la Kenya, na Nosim FM. Mawimbi hayaonyeshi pasi. Lugha iliyozuiliwa kutamkwa upande mmoja huingia kutoka upande mwingine, ikichukua pamoja nayo habari, siasa na bei za nchi ya pili.

Nguvu ya sauti katika nchi hii ilionekana kwa namna ya ajabu mwaka 2011. Katika Samunge, kijiji cha tarafa ya Sale, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akisema ameoteshwa na Mungu. Habari zikaenda kwa simu, kwa magazeti, na kwa redio za Arusha, za Dar es Salaam na za Nairobi. Katika Machi mstari wa magari ulikuwa wa kilomita nyingi, katika njia ambayo haikupata kuona hata robo ya magari hayo. Wagonjwa waliotolewa hospitalini walifia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Serikali ililazimika kuomba watu wasimame kwanza mpaka waliokwisha kufika wahudumiwe. Jambo la kutafakari ni kwamba sauti zilizowaita watu zilitoka mbali, na wenye kuzitoa hawakuona njia, wala kijito, wala ukosefu wa vyoo na chakula. Kwa mara ya kwanza Loliondo ilijulikana na kila mtu, na karibu kila mtu aliijua kwa kinywa cha mtu asiyekaa huko. Masapila alifariki mwaka 2021.

Loliondo ilipata kinywa chake katika muongo ule ule. Loliondo FM ilisimama kwa msaada wa UNESCO, katika mpango ulioziunganisha redio nyingi za jamii za bara na visiwani, tangu Pangani na Sengerema hata Micheweni ya Pemba. Watangazaji walifundishwa kutumia simu na intaneti kukusanya habari, jambo ambalo mahali pengine ni dogo, lakini katika wilaya ambayo mtu husafiri siku nzima kutoka tarafa moja kwenda nyingine ni jambo kuu. Stesheni hizo ziliunda umoja wao, ambao hujulikana kwa jina la TADIO, ili habari ya kijiji kimoja iweze kuchukuliwa na stesheni ya mkoa mwingine. Huu ni mtandao wa namna nyingine na ule wa wafanyabiashara. Mtandao wa biashara una kichwa kimoja na miguu mingi: zuio la asilimia 25 lilipokwisha kuondolewa, stesheni kubwa za Dar es Salaam zilipanda mitambo ya kurudishia sauti katika kila mkoa, na mtu wa Karatu akapata kusikia kwa usafi kabisa foleni ya magari ya Ubungo. Mtandao wa jamii una miguu mingi na vichwa vingi, na kwa sababu hiyo huenda polepole.

Tangu mwaka 2003 leseni zimekuwa mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo huzigawa kwa daraja za taifa, mkoa, wilaya na jamii, na kutofautisha redio ya biashara na isiyo ya biashara. Stesheni nchini zimepita 200. Katika karatasi tofauti ya biashara na jamii ni mstari ulionyooka. Kijijini mstari huo haupo. Redio ya jamii huuza matangazo ili mtambo usizimike, na redio ya biashara husoma bure tangazo la mtoto aliyepotea, kwa kuwa isiposoma itapoteza wasikilizaji ambao ndio bidhaa yake.

Tofauti iliyo kubwa zaidi hudhihirika penye ugomvi, na ugomvi wa nchi hii ni ardhi. Katika Juni 2022 Serikali iliweka mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 katika Loliondo. Zikatokea fujo, askari mmoja akauawa, wenyeji wakajeruhiwa, na wengine wakavuka kwenda Kenya. Mwezi ule ule familia za kwanza za wafugaji wa Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Katika Agosti 2024 wenyeji waliobaki walijaa barabarani na kuyazuia magari ya watalii, wakilalamikia kufutwa kwa vijiji na kata zao. Kwa redio ndogo siku kama hizo ni mtihani mkubwa. Stesheni tano za televisheni zilizotangaza ripoti ya haki za binadamu zilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 mwanzoni mwa mwaka 2018. Kampuni kubwa yaweza kulipa na kuendelea. Stesheni ambayo mapato yake ni matangazo ya minada na misiba haiwezi, nayo yajua hivyo kabla hata ya kufungua kipaza sauti. Ndiyo maana mtafiti asishangae akikuta kwamba jambo kubwa kuliko yote katika wilaya ndilo lenye dakika chache hewani, na kwamba watu wamejifunza kulisikia kwa njia nyingine, katika makundi ya simu na katika stesheni za ng'ambo ya mpaka.

Kuhamishwa kwa watu kumeleta na jambo ambalo wabunifu wa daraja za leseni hawakulikadiria. Mnara hauhami pamoja na wasikilizaji wake. Familia iliyokuwa ikipata habari za mvua na mnada kwa stesheni za kaskazini ilipofika Msomera, mkoani Tanga, ilikuwa mamia ya kilomita nje ya duara la kilomita 40, katika nchi ya masafa mengine na watangazaji wasiojua jina la boma lao. Wenye simu nzuri huifuata stesheni ya zamani kwa intaneti, pale mtandao unapokubali. Wazee, ambao ndio waliozoea kuamka na redio, wengi wao hawana simu ya namna hiyo. Huwauliza vijana usiku kama mvua imenyesha Endulen.